Wimbo Wangu Mwenyewe Umenishinda

SEHEMU YA TISA

Mliniacha Jumamosi iliyopita kwenye kiti cha daktari wa koo, mdomo wazi, machozi yakinitoka bila kulia. Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa sukari dukani kabla hawajalisoma, nitafupisha.

Mimi ndiye yule mwimbaji wa muziki wa soul ambaye redio zilimpachika jina la Chozi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili kampuni ya rekodi ilipotoa wimbo wangu wa kwanza, "Kiti Chako Kipo", na ndani ya miezi mitatu hapakuwa na kinyozi wala fundi cherehani ambaye hakuujua. Nikadhani nimefika. Albamu zilizofuata zilikuwa tatu, na zote zilikufa kabla hazijajifunza kutambaa.

Ukabaki wimbo ule ule mmoja. Nilipopanda jukwaani waliutaka, niliposhuka walinikimbilia nje kuniomba niurudie. Na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu ni kwamba kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kuuimba sawasawa. Pale juu, penye maneno "hakijakaliwa na mtu", sauti yangu ilikuwa inafika kwa kuburutwa.

Daktari alisema nina vinundu viwili kooni. Akataka kujua ni nani alinifundisha kuimba juu ya kimo cha sauti yangu. Nikamjibu kwamba ni wimbo wangu mwenyewe, naye akaniangalia kwa namna ya mtu aliyeambiwa uongo. Alinipa mwezi mzima wa kukaa kimya, nisithubutu hata kunong'ona, na akaniambia wazi kwamba nikiulazimisha tena wimbo ule huenda nikashuka jukwaani bila sauti, na isirudi.

Siku hiyo hiyo Bosi wa kampuni akapiga simu. Kampuni ilikuwa inaadhimisha miaka ishirini, Jumapili ya wiki iliyofuata, saa kumi alasiri, ukumbi mkubwa, televisheni ikirusha moja kwa moja. Matangazo yalikuwa yameshasema hakuna kupiga rekodi siku hiyo, kila mtu ataimba kwa mdomo wake. Nisipoimba, mkataba wangu, uliokuwa unaisha mwezi huo, usingetiwa saini nyingine.

Hapo ndipo tulipoachana. Msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kwa nini sikuacha tu kuimba nikatafuta kazi ya maana. Dada yangu, ningekuwa na jibu la swali hilo, hadithi hii ingekuwa imekwisha sehemu ya pili.

*

Kesho yake nilikwenda kwa Fundi. Huyu ndiye aliyekuwa mitamboni siku nilipourekodi wimbo ule. Kampuni ilishampumzisha, akawa anatengeneza redio na feni kwenye chumba kimoja chenye dirisha la kupokelea wateja. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, upande wa pili kaufunga uzi.

Sikwenda kwa ugomvi. Nilikwenda kuomba ushauri. Nilikuwa na daftari la shule na kalamu, maana kusema nimekatazwa, nikaandika habari ya daktari na vinundu, kisha: Nataka bendi iushushe wimbo kidogo. Washushe kiasi gani watu wasijue?

Fundi alisoma, akarudia kusoma. Akaweka chini chuma chake cha kulehemu.

"Ushushe tu urudi pale ulipouimba," akasema. "Pale pa mwanzo."

Nikaandika: Pa mwanzo wapi?

Akanitazama. Nikamwona uso unambadilika taratibu, akavuta kigoda akakaa. Ndipo nilipoyasikia mambo ambayo kila mtu studio ile aliyajua isipokuwa mimi.

Siku ya kurekodi nilikuwa na mafua. Sauti nzito, wimbo ukawa unajivuta. Nilipokwisha kuondoka, Bosi aliusikiliza akasema ni mzuri lakini unampa mtu usingizi. Fundi akaongeza mwendo wa mashine, kidogo tu. Wimbo ukachangamka, na sauti yangu nayo ikapanda pamoja nao. Ikawa sauti ya kitoto yenye majonzi ya mtu mzima, na Bosi akaruka kwenye kiti kwa furaha. Hiyo ndiyo iliyokwenda redioni.

"Ile sauti ni yako," Fundi akaniambia, "lakini kooni mwako haijawahi kupita."

Sasa elewa jinsi kazi yetu inavyokwenda. Sisi nyimbo hatuziandiki. Bendi ikitaka kuujua wimbo inaisikiliza rekodi na kuukamata hapo hapo. Kwa hiyo kila bendi niliyopanda nayo, tangu onyesho la kwanza, ilianzia pale mashine ilipoufikisha, na mimi nikafuata nyuma nikihema.

Nilipoisikia sauti ile redioni nilidhani ndivyo studio inavyomng'arisha mtu, na jukwaani nilidhani kifua changu ndicho kibovu. Nimekunywa tangawizi ya kujaza pipa. Nimepanda na kushuka ngazi za ghorofa kila asubuhi ili nipate pumzi. Nimeacha soda, nimeacha maji baridi, nimemwacha na mchumba mmoja kwa sababu alikuwa anavuta sigara, na alikuwa mtu mwema tu maskini wa Mungu.

Nikaandika kwa herufi kubwa: KWA NINI HUKUNIAMBIA?

Alisema alidhani Bosi ameniambia. Bosi naye, bila shaka, alidhani Fundi ameniambia. Wapiga vyombo walidhani nimeamua mwenyewe. "Nilikuwa nakusikia redioni kwenye maonyesho unavyohangaika," akasema, "najisemea, huyu binti ana roho ngumu."

Akalia, mtu mzima yule, mbele ya feni za watu. Mimi sikulia. Niliandika neno moja ambalo sitalirudia hapa, maana gazeti hili linaingia majumbani, nikalichana karatasi. Aliniuliza afanye nini ili anisaidie. Nikaandika kwamba hakuna, nikaenda zangu.

*

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Bosi. Niliweka daftari mezani kwake, ukurasa mzima nimeujaza ndani ya basi. Alisoma bila kushtuka hata kidogo, akaliacha wazi mbele yake na kuanza kuchokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

Hakukataa. Alisema watu walinunua sauti ile, hawakununua iliyo kooni mwangu. Nikiushusha wimbo mbele ya televisheni, kila mwenye rekodi nyumbani ataona nimekwisha. Wengine watauliza kulikoni, na kampuni itashinda siku ya sherehe yake inajibu maswali ya mashine. Nilitaka kumjibu lakini kuandika kunachelewa, na yeye anajua kusema haraka. Nilipomaliza sentensi moja alikuwa ameshafika mbali.

Halafu akalainika. Bosi akilainika ujue kaa la moto linakuja.

"Mwanangu, mimi sikutupi," akasema. "Njia nimeshaipata."

Njia yenyewe ilikuwa hii. Nyuma ya pazia la jukwaa atakaa msichana mwenye sauti kama ya rekodi. Mimi nitasimama mbele, nifungue na kufunga mdomo. Kipaza sauti cha huyo msichana kitafanya kazi, changu hakitafanya. Bosi angekitoa betri kwa mkono wake ili hata nikikohoa nisisikike. Bendi ingekaa chini mbele ya jukwaa, haitajua lolote. Watakaojua ni yeye, mtu wa spika, mimi na huyo msichana.

Nikaandika: Ni nani?

Akasema ni heri tusijuane, hata mwenyewe hataki kujulikana. Mazoezi nisiende, koo langu lipumzike. Bendi itafanya mazoezi bila mwimbaji, na msichana atafanya yake na rekodi, ofisini kwake.

Nakiri mbele yenu, sikukataa. Nilishika kalamu nikatafuta neno la kuandika, na maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya mtu mwenye mahali pengine pa kwenda. Mimi kazi nyingine sijui. Niliinamisha kichwa, Bosi akasimama akanishika bega, akamwita karani alete chai.

*

Nyumbani nilikuwa naishi na mdogo wangu. Mama alipofariki aliniachia huyo mmoja, na tangu wakati huo ndiye mtoto wangu na ndiye shoga yangu. Tulimwita Kasuku, kwa sababu kitu kikishasemwa redioni mara moja yeye amekipata. Sasa ana miaka kumi na tisa, anashona kwenye karakana ya nguo za wanawake.

Wiki ile tuliishi kama wezi wawili ndani ya nyumba moja. Nilikuwa nimemwambia habari ya daktari tu, kwa maandishi. Ya pazia sikumwambia. Niliona haya. Huyu ni mtoto niliyemwambia tangu mdogo kwamba mtu hula kwa jasho lake, sasa nimwandikie kwamba Jumapili nakwenda kupanua mdomo mtupu mbele ya nchi nzima?

Yeye naye akawa mkimya. Akasema karakana ina kazi nyingi, akawa anarudi amechelewa kuliko kawaida, macho yanamng'aa. Ananipashia maji ya chumvi nisukutue, ananitazama kwa huruma fulani ambayo sikuipenda, kisha anakwenda kulala. Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya koo.

Jumapili ikafika. Saa nane mchana nilikuwa ukumbini, gauni limenibana kiunoni, kipaza sauti changu mkononi. Kilikuwa chepesi kwa kutolewa betri, nikawa nakigeuza geuza. Bosi anapita huku na huku, suti mpya, anamkumbatia kila mtu.

Nilikwenda kutafuta msalani, nikapotea njia, nikajikuta nyuma ya pazia. Palikuwa na stuli, glasi ya maji, na kipaza sauti juu ya mguu wake. Juu ya stuli alikuwa amekaa mdogo wangu, na nguo yake ya kazini, pini zimepangwa kwenye kola.

Daftari nilikuwa nimeliacha chumba cha kuvalia. Nikasema kwa mdomo, mara ya kwanza baada ya siku tisa.

"Unafanya nini hapa?"

Alishtuka mpaka akasimama. "Shikamoo, dada."

Hata kuitikia sikuitikia. Akaanza kujieleza kwa kunong'ona, maneno yanagongana. Bosi alimfuata karakana. Alimwambia kwamba mimi ndiye niliyeomba awe yeye, kwamba nimeshindwa kumwambia uso kwa uso kwa sababu ya aibu, na kwamba akinipenda basi asinitajie kabisa nyumbani. Ndiyo maana alikaa kimya. Kila akitoka kazini alikuwa anapitia ofisini kwa Bosi, anaimba juu ya rekodi. Na leo ikienda vizuri, atarekodiwa wimbo wake mwenyewe.

Kisha akauliza, "Kweli ulimwambia hivyo, dada? Kwamba mimi naweza?"

Jamani. Nikisema hapana, anashuka kwenye ile stuli anarudi nyumbani, na mimi sina mkataba na yeye hana wimbo. Halafu macho yale, yananisubiri.

"Nilimwambia," nikasema.

Akanikumbatia. Nikasimama pale mikono imening'inia, na nitawaambieni nilichokisikia moyoni, kwa sababu nimeahidi hadithi hii sitaificha: nilimwonea wivu. Alikuwa na miaka saba wimbo ulipotoka. Aliusikia redioni, akawa anauimba amepanda kigoda anaosha vyombo, mpaka mama akawa anamtisha kwa mwiko. Koo lake lilikulia pale pale mashine ilipouweka. Kilichonitesa miaka kumi na miwili yeye alikiokota akiwa na povu viwikoni. Nilimwonea wivu, na wakati huo huo nilijivuna naye hadi kifua kikaniuma.

Nikamtoa pini moja moja kwenye kola ili zisimchome. Nikamwambia anywe maji kidogo kidogo, na asiogope akifika pale juu.

"Pale juu ndipo rahisi, dada," akasema.

*

Saa kumi na dakika zake nikaitwa. Watu walisimama kunipigia makofi, ukumbi wote. Kamera mbili, moja karibu kabisa na miguu yangu. Taa zilikuwa kali lakini mstari wa mbele niliuona, na kwenye mstari wa mbele alikuwa amekaa Fundi, amevaa koti, miwani yake ya uzi. Akaninyooshea dole gumba.

Mpiga kinanda naye akageuka kunitazama akakonyeza jicho. Sikuelewa. Nikamjibu kwa tabasamu la kazi, bendi ikaanza.

Ilianzia chini.

Mabega yangu ndiyo yaliyojua kwanza. Yalishuka yenyewe. Kwa miaka yote wimbo ule ukianza huwa nayainua mpaka masikioni, na safari hii hapakuwa na haja.

Baadaye ndipo nilipoambiwa yaliyotokea. Fundi hakulala vizuri tangu siku ile. Asubuhi ya Jumapili alimfuata mpiga kinanda, akamsimulia kila kitu: mafua, mashine, vinundu, daktari. Mpiga kinanda akawaita wenzake, wakaurudisha wimbo pale nilipouimba siku ya kwanza, wakaufanyia mazoezi mpaka mchana. Walikubaliana wasiniambie, iwe zawadi. Walichokuwa hawakijui ni pazia, maana na Fundi mwenyewe hakulijua.

Upendo mtupu. Sijawahi kumalizwa na watu walionipenda vile.

Mdogo wangu alijua kuuanza wimbo ule mahali pamoja tu, pale pa rekodi. Zamu yake ilipofika, akaanza kuimba kule nyuma. Spika zikatoa sauti yake ikiwa juu, bendi ikiwa chini, nyimbo mbili zinagombana kwenye nyumba moja. Akanyamaza. Nikasikia anatafuta, anashuka, anajaribu tena, na kule chini yeye hana sauti, ana pumzi tu. Mstari wa mbele watu wakaanza kutazamana. Fundi akashusha dole gumba lake.

Kamera ikasogea kwenye mdomo wangu.

Na mimi nilikuwa naimba. Wallahi sikukusudia. Mwezi wa kimya, amri ya daktari, vyote viliniruka kichwani, kwa sababu bendi ilikuwa inapita mahali pangu. Nilifika "hakijakaliwa na mtu" nikapita kwa miguu miwili, bila kuburuta chochote, haikuuma hata kidogo. Ndiyo siku pekee niliyowahi kuuimba wimbo wangu. Ngoma zilikuwa zinapigwa, spika zilikuwa kubwa kuliko mimi, na betri ilikuwa mfukoni mwa Bosi. Hakuna aliyenisikia, hata yule mpiga kinanda aliyekuwa hatua nne mbele yangu.

Nilimwona Bosi pembeni ya jukwaa akimpungia mikono mtu wa spika, afunge, afunge. Mtu wa spika akadhani anaambiwa aongeze. Akaongeza.

Kwenye ukumbi ule wenye watu elfu mbili, na kwenye kila nyumba iliyokuwa imewasha televisheni, ikasikika kwikwi ya mtoto anayejizuia kulia. Bendi ikasita, chombo kimoja kimoja, mpaka kikabaki kinanda peke yake, kisha nacho kikanyamaza.

Nilifumba mdomo, maana sikujua la kufanya nao.

"Dada," zikasema spika zote kwa pamoja. "Dada, nimekupoteza. Uko wapi?"

Watu elfu mbili wakanitazama mdomo, na mdomo ulikuwa umefungwa.

Bosi alikuwa anakuja kutoka kushoto, nusu anatembea nusu anakimbia, anatabasamu kwa ajili ya kamera. Pazia lilikuwa hatua tatu nyuma yangu. Nikageuka, nikakiacha kile kipaza sauti kikaanguka sakafuni, na hata kuanguka kwake hakukutoa sauti, nikalishika pazia kwa mikono miwili ili nilivute.